Kwa Mama wa Waandishi, Barcelona

Tarehe 23 Aprili, Barcelona hunukia waridi na karatasi mpya. Ni siku ya Mtakatifu Jordi, mlinzi wa Catalonia, na ingawa haihesabiwi kuwa siku ya mapumziko, watu huanza kuchomoka maofisini tangu asubuhi. Barabara ya Passeig de Gràcia hujaa meza za vitabu pande zote mbili, na katikati ya meza hizo kuna ndoo za waridi jekundu, kila ua limefungwa pamoja na suke moja la ngano. Zamani mwanamume alimpa mwanamke ua, mwanamke akampa mwanamume kitabu. Siku hizi kila mtu humpa mwenzake anachopenda, na wengi niliowaona walikuwa wameshika vyote viwili.

Mwenyeji wangu ni mama wa Kitanga aliyeolewa huko na ambaye Kikatalani sasa kinamtoka kama mzaliwa. Nilipomwamkia, aliitikia marahaba, akanitazama viatu, kisha akasema, "Mwanangu, leo tutatembea. Na kama una kitabu unachokitaka, nunua sasa hivi, mchana hapapitiki." Alisema kweli. Kufika saa sita, umati ulikuwa mzito kuliko soko la Ngamiani, Tanga, siku ya kuamkia Idi, na watu wote wale walikuja kununua vitabu. Niliona babu akimchagulia mjukuu hadithi za wanyama, na kijana mwenye nguo za fundi ujenzi, vumbi la saruji likiwa bado mikononi, akisoma jalada la nyuma la riwaya nene kwa utulivu kabisa.

Siku ya Kitabu nchini Hispania ilianza mwaka 1926 kwa wazo la mchapishaji Vicent Clavel, aliyekuwa akifanya kazi mjini humu humu, na mwaka 1930 ikahamishiwa 23 Aprili. Mwaka 1995 UNESCO iliifanya siku hiyo kuwa ya dunia nzima. Kwetu pia huadhimishwa, kwa hotuba na bango. Huku wanaiadhimisha kwa kufungua pochi.

Mbele ya duka moja kulikuwa na foleni ndefu ya wasomaji wakisubiri saini ya mwandishi mmoja, bibi mwenye mvi. Kando yake alisimama mwanamke mfupi aliyeshika mkoba. Alimpokea kila msomaji, akamwuliza jina, akaliandika kwenye kipande cha karatasi na kukiweka mbele ya mwandishi ili asikosee herufi. Kila baada ya muda alimsogezea maji. Alipoona mkono wa bibi umechoka alisema neno, foleni ikasubiri. Nilimwomba mwenyeji wangu aulize yule ni nani. Aliniletea jibu, "Ni wakala wake. Yuko naye tangu kitabu cha kwanza." Kisha akaongeza lake, "Ni mshenga huyo, mwanangu. Ndiye anayekwenda kusema yale ambayo mwenye shida hawezi kuyasema mwenyewe."

Nilikaa na maneno hayo siku zote za safari, kwa sababu habari ya mawakala ndiyo hasa iliyonipeleka Barcelona. Nimehariri miswada ya Kiswahili kwa muda mrefu, na waandishi ninaowajua hawana mshenga. Mwandishi wetu huandika usiku, hupeleka mswada mwenyewe, hupatana bei mwenyewe, na kitabu kikitoka hukibeba kwenye begi kutoka shule moja hadi nyingine. Mrabaha ukichelewa, hupiga simu yeye mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Siku iliyofuata, huku wafagiaji wakiokota majani ya waridi, nilikwenda barabara ya Diagonal, inayoukata mji kwa mshazari. Hapo ndipo ilipo ofisi ya wakala iliyoanzishwa na Carmen Balcells. Ukiwa chini barabarani, utaona jengo la ghorofa kama majirani zake, miti, pikipiki zilizopangwa, watu wakipita na mbwa wao. Hata hivyo nilisimama pale kwa muda mrefu, kwa kuwa fasihi nyingi ya Amerika ya Kusini ambayo dunia iliisoma karne iliyopita ilipitia mikononi mwa mwanamke huyo.

Alizaliwa mwaka 1930 katika kijiji cha Santa Fe de Segarra, katika familia ya wakulima. Walihamia mjini akiwa msichana, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na alifanya kazi za ukatibu. Katika miaka ya 1950 aliajiriwa kuiwakilisha mjini Barcelona ofisi ya uwakala ya Vintilă Horia, mwandishi wa Kiromania aliyekuwa uhamishoni Hispania. Kufikia mwaka 1960 alikuwa anajitegemea. Mwanzoni aliwauzia wachapishaji wa Hispania haki za tafsiri za vitabu vya nje, na baadaye akashughulikia mauzo ya nje ya vitabu vya nyumba ya uchapishaji ya Seix Barral. Hapo ndipo alipotambua jambo lililogeuza maisha yake: mtu hawezi kukaa pande mbili za meza. Akauacha upande wa mchapishaji, akahamia wa mwandishi.

Mikataba ya wakati ule ilikuwa mizito kwa mwandishi. Mchapishaji aliweza kuchukua haki za kitabu kwa maisha yote ya mwandishi na kwa nchi zote, kwa fedha ndogo iliyolipwa mara moja. Balcells alidai mipaka miwili, wa muda na wa mahali. Mchapishaji apewe kitabu kwa miaka kadhaa, na miaka ikiisha warudi mezani. Apewe Hispania ikiwa anauza Hispania, na Meksiko au Ajentina ziuzwe kwa wengine. Leo jambo hilo linaonekana dogo, lakini limelisha familia nyingi.

Mwaka 1965 alisafiri hadi Meksiko kuonana na mwandishi wa Kolombia ambaye wachache walikuwa wakimjua, Gabriel García Márquez. Alimpelekea habari aliyoiona njema: ameiuzia kampuni ya Harper & Row ya New York vitabu vyake vinne kwa dola 1,000. Mwandishi alimwambia usoni kwamba mkataba ule haufai kitu. Badala ya kugombana wakaanza kuzoeana, na kabla hajaondoka wakatia saini, kwa utani wenye maana, mkataba wa kumruhusu amwakilishe kwa miaka 150. Miaka miwili baadaye riwaya yake *Cien años de soledad* ilitoka Buenos Aires, na García Márquez akahamia Barcelona na familia yake, akakaa mtaa wa Sarrià hadi mwaka 1975.

Nilikwenda Sarrià jioni moja. Ni mtaa wa juu, ambao zamani ulikuwa kijiji, wenye uwanja mdogo mbele ya kanisa na duka la vitafunwa ambapo watu hupanga foleni Jumapili. Mwandishi Mario Vargas Llosa naye alikuja kuishi mjini humu mwaka 1970, na aliwahi kusimulia mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Alikuwa akifundisha chuo kikuu London, anaandika kwa muda wa kuibia. Balcells akamwendea huko, akamtaka aache kazi, na kuahidi kumlipa kila mwezi kiasi kile kile alichokipata chuoni mpaka amalize riwaya aliyokuwa nayo mkononi. Vargas Llosa alikuwa na mke na watoto wadogo. Aliacha kazi, akahamia Barcelona.

Kisa hiki kinanigusa kuliko vyote. Nawajua walimu wa sekondari, Muheza na Lushoto, wenye riwaya nusu kwenye madaftari ya shule. Hawana upungufu wa kipaji wala wa lugha. Wanakosa miezi sita tu ya kutosahihisha madaftari ya watu wengine. Balcells aliuona upungufu huo na kuutolea fedha yake mwenyewe, kwa mtu ambaye kitabu chake kilikuwa bado hakijakamilika.

Husimuliwa pia kwamba García Márquez alimpigia Balcells simu siku moja kumwuliza kama anampenda, naye Balcells akajibu kuwa hawezi kusema, kwani mwandishi huyo ni asilimia 36 ya mapato ya ofisi. Watu wa Barcelona hukisimulia kisa hicho kwa kicheko, lakini ukisikiliza vizuri kina heshima ndani yake: kila mmoja alijua mwenzake ana maana gani katika maisha yake, na hesabu ilikuwa wazi mezani. Mwanamke huyo huyo alijulikana kwa kulia mbele ya watu bila kujificha. Mwaka 1994 García Márquez alipotoa *Del amor y otros demonios*, alimtabarukia kitabu hicho na kumtaja pamoja na machozi yake. Sita kati ya waandishi aliowawakilisha walipata Tuzo ya Nobel: Asturias, Neruda, Aleixandre, García Márquez, Cela na Vargas Llosa.

Tulikwenda Segarra, alikozaliwa Balcells, kwa gari la mume wa mwenyeji wangu. Ukishaiacha pwani na kuipita milima ya Montserrat, yenye vilele vilivyosimama kama vidole, nchi inakuwa kavu na pana. Ni nchi ya ngano na shayiri. Mwezi wa Aprili mashamba ni ya kijani kibichi, na kingoni kuna maua mekundu yanayojiotea. Juu ya kila kilima kuna mnara wa kale au kanisa la mawe. Santa Fe ni nyumba chache za mawe zilizokaribiana, ukimya, na upepo. Nilikumbuka Machui, nje kidogo ya Tanga, alikozaliwa mwandishi wetu Shaaban Robert mwaka 1909. Huko kuna minazi, udongo mwekundu na unyevu wa bahari, lakini ni vilevile pahali ambapo mgeni huuliza imekuwaje mtu wa namna ile akatokea hapa.

Tulikula Cervera, mji mkuu wa wilaya hiyo, ambao mfalme Felipe wa Tano aliujengea chuo kikuu mwaka 1717. Wenyeji walikuwa wakila konokono waliochomwa wakiwa wamepangwa juu ya bati, na kumchomoa kila mmoja kwa kijiti. Mwenyeji wangu, baada ya miaka yote ya Uzunguni, aligeuza uso. "Hilo sijaliweza na sitaliweza," alisema. Mimi nililetewa mkate, nyanya, kitunguu saumu na chupa ya mafuta ya zeituni. Mzee wa meza ya jirani aliona nasitasita, akavuta kiti. Akakwaruza saumu juu ya mkate uliobanikwa, akakata nyanya katikati, akaisugua juu ya mkate hadi maji na mbegu zikaingia ndani na mkononi mwake yakabaki maganda matupu. Chumvi kidogo, kisha mafuta mengi. Akanisukumia sahani na kusubiri nionje. Alikuwa mkulima. Alituambia mashamba ya familia nyingi sasa yanalimwa na mtu mmoja mwenye mashine, na vijana wameshuka Barcelona. Nikamwambia wa kwetu wameshuka Dar es Salaam.

Shabaha yangu nyingine ilikuwa kumwona wakala aliye kazini. Mwenyeji wangu alinitafutia mmoja, mwanamke wa makamo mwenye ofisi ya vyumba viwili mtaa wa Gràcia, juu ya duka la mikate. Aliomba nisimtaje jina, kwa kuwa waandishi wake wangekuwa wa kwanza kukasirika. Juu ya meza kulikuwa na mafungu mawili ya karatasi, miwani, penseli iliyochongwa ikabaki fupi, na kikombe cha kahawa kilichosahauliwa.

Nilimwuliza anatafuta nini kwa mwandishi. Hakunijibu mara moja. Alichukua mswada wa juu, akasoma ukurasa wa kwanza mbele yangu, taratibu, penseli ikiwa imeinuliwa. Katikati ya ukurasa akaishusha na kuweka nukta ndogo pembeni. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo alipoanza kuandika. Yote ya juu yake alikuwa anasafisha koo." Alisema wengi huandika ukurasa wa kwanza kwa kumwogopa msomaji, wakajaza maelezo ya hali ya hewa na ukoo mzima wa mhusika. Yeye hungoja sentensi ambayo mtu mwingine asingeweza kuiandika. Akiipata, anasoma hadi mwisho hata kama sura nzima ya pili ni mbovu, kwa sababu sura hurekebishika.

Barua inayoambatana na mswada huisoma baadaye. Anataka iwe fupi: kitabu kinahusu nini, nani amekiandika, kimepelekwa kwa nani mwingine. Mwandishi anayejilinganisha na wakubwa humchosha. Riwaya iletwe ikiwa imekamilika. Zaidi ya hayo, anataka kweli kuhusu haki: kama umeshatia saini popote, sema mapema, hata kama ni kwenye karatasi uliyoisahau, kwani haki iliyokwisha kuuzwa haiuziki mara ya pili, na aibu itamfikia yeye.

Kisha akataja jambo ambalo nilishalisoma kwa mwandishi Isabel Allende. Riwaya yake ya kwanza, *La casa de los espíritus*, ilikataliwa na wachapishaji kadhaa alipokuwa akiishi Caracas, akaituma kwa Balcells, nayo ikatoka Barcelona mwaka 1982. Allende anasimulia kwamba Balcells alimwambia yeyote anaweza kuandika kitabu kizuri cha kwanza, maana humwaga humo kila alichonacho; mwandishi hupimwa kwa cha pili. Wakala wa Gràcia bado anakwenda na kipimo hicho. Swali lake la mwisho kwa kila mgeni ni moja: sasa hivi unaandika nini? Anayejibu kwamba anasubiri kwanza kitabu hiki kitoke, humtilia shaka.

Nilimwuliza kuhusu fedha, kwa kuwa wasomaji wangu wangeniuliza. Wakala hula pale mwandishi anapokula: kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya mapato ya mwandishi, na hufika 20 kwa haki za tafsiri, kwa sababu huko hugawana na wakala wa nchi nyingine. Anayekuomba ada kabla ya kusoma mswada wako, mkimbie. Alilisema hilo kwa ukali, penseli ikigonga meza.

Naye aliniuliza kuhusu kwetu. Jina la mwandishi Abdulrazak Gurnah alilijua vizuri. Vitabu vyake vipo kwa Kihispania na kwa Kikatalani. Hakujua kwamba riwaya yake *Paradise* ilipatikana kwa Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa jina la *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis na uchapishaji wa Mkuki na Nyota, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Alitaka kujua lugha inayosemwa na watu wengi hivyo ina mawakala wangapi wa waandishi. Nilimweleza jinsi tunavyofanya kazi: mwandishi na mchapishaji ana kwa ana, na tumaini kubwa ni kitabu kiteuliwe kusomwa shuleni. Aliandika kitu kwenye daftari, kisha akauliza, "Na mkataba huwa ni wa miaka mingapi?"

Nilimsimulia habari ya mzee mmoja, mwandishi wa huko kwetu, aliyenionyesha mkataba wake wa zamani. Ulikuwa na kurasa mbili. Hapakuwa na mwaka wa mwisho. Haki zote za lugha zote zilikuwa za mchapishaji, na kitabu kilikuwa hakijachapwa tena tangu wanangu hawajazaliwa. Mzee hakuweza kukipeleka kwingine, na aliyekishika hakukitaka. Wakala alivua miwani, akasema mikataba kama hiyo ndiyo aliyoikuta Balcells.

Kabla ya kurudi nilipita Alcalá de Henares, karibu na Madrid, mji alikozaliwa mwandishi Cervantes. Makorongo wamejenga viota juu ya minara ya makanisa, na watu hupita chini bila kuinua macho. Mwishoni mwa mwaka 2010 serikali ya Hispania ilinunua kumbukumbu za Balcells kwa euro milioni 3, masanduku yapatayo 2,000 ya barua, miswada na mikataba, yakawekwa katika Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Utawala mjini humo. Hifadhi hiyo hiyo ina mafaili ya wachunguzi wa vitabu wa enzi za dikteta Franco, waliokaa na kalamu wakiamua kipi kikatwe na kipi kisitoke kabisa. Karatasi za waliowazuia waandishi na za aliyewatetea sasa zinatunzwa na dola moja kwa uangalifu ule ule. Balcells alifariki Septemba 2015, na watafiti wa dunia nzima sasa huenda Alcalá kusoma jinsi alivyobishana.

Njiani kurudi nilikuwa nikifikiria mwaka 1967. Mwaka huo riwaya ya García Márquez ilitoka Buenos Aires, naye akawa na mtu wa kuitembeza nchi baada ya nchi. Mwaka huo huo *Kufikirika* ya Shaaban Robert ilichapishwa na Oxford University Press mjini Nairobi, miaka mitano baada ya mwandishi wake kuzikwa. Alikuwa ameiandika katika miaka ya 1940. Sidai kwamba wakala angemwongezea umri. Nasema mswada usingekaa muda wote huo kama pangekuwa na mtu ambaye kazi yake ya kila siku, na chakula chake, ni kuuliza umefikia wapi.

Leo tuna tuzo, kama ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na miswada mizuri inajitokeza. Mshindi hushangiliwa, akapigwa picha, halafu akaachwa peke yake na mkataba mezani. Kwa hiyo nawaomba waandishi wenzangu: kabla ya kutia saini, tafuteni kifungu cha muda na kifungu cha mahali. Kama havipo, ombeni viandikwe, na msione haya. Na wewe kijana uliyesomea sheria au biashara, unayejua bei ya karatasi, unayependa riwaya hadi kukesha nayo: waandishi wa Kiswahili wanakuhitaji kuliko wanavyohitaji tuzo nyingine. Anza na mwandishi mmoja. Soma mswada wake wote, kisha nenda ukamsemee.